Mkondo wa Karatasi

Tulipoliacha soko la Kipkarren nilifungua dirisha la matatu. Mjukuu wangu, aliyekuwa amejikunyata ndani ya sweta jipya la shule tangu baridi ya Timboroa, alinitupia jicho la kuuliza. Upepo ukaingia, ukapeperusha barua yake ya kujiunga na Kidato cha Kwanza, na abiria wa nyuma yetu akaguna. Sikufunga. Nilikuwa nanusa.

Zamani tulifanya kinyume chake. Ukifika hapa ulifunga dirisha, kwa sababu Webuye ilikupokea puani kabla ya machoni: harufu ya yai viza, na juu yake harufu ya kabichi iliyosahauliwa motoni. Mgeni angetazama chini ya kiti akitafuta kilichooza. Sisi wenyeji tulianza kukusanya mizigo, maana tulijua tumefika.

Siku hiyo ya Januari 2024 sikupata chochote isipokuwa dizeli, udongo ulionyeshewa na mahindi ya kuchoma ya kando ya barabara.

"Nyanya, unatafuta nini?"

"Kazi yangu ya zamani," nilimjibu. Akacheka, akidhani namtania.

Tulitoka Voi siku mbili nyuma. Mtoto huyu alikuwa katika kundi la mwisho kufanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, na nafasi za shule zilipotangazwa, jina lake likaangukia shule ya bweni ya wasichana iliyo mwendo mfupi kutoka Webuye. Mama yake alishika tama. Mtoto wa Kitaita, avuke nchi nzima akasome karibu na Uganda! Mimi nilinyamaza. Kisha nikasema nitampeleka mwenyewe, na kwa haraka niliyosema, binti yangu aliniangalia mara mbili.

Kwenye orodha ya mahitaji palikuwa na sanduku, godoro, blanketi, madaftari kumi na rimu moja ya karatasi. Duka la vitabu pale Voi nilichukua madaftari kumi na mawili, kwa kuwa mtoto hapewi kitu cha kuhesabika. Rimu niliifungua pembeni, nikachomoa karatasi moja, nikaikung'uta karibu na sikio, nikaichana ukingo kwa urefu na kisha kwa upana. Mwenye duka alivumilia mpaka pale.

"Mama, unanunua au unakagua?"

"Vyote viwili," nilisema, nikamlipa.

Mara ya kwanza nilipokwenda Webuye ilikuwa mwaka 1985. Nilikuwa na umri wa miaka 22, cheti cha maabara, na barua ya ajira niliyoikunja na kuikunjua hadi ikachanika kwenye mikunjo. Nilipanda treni ya usiku kutoka Voi hadi Nairobi, nikashinda mjini, jioni nikapanda nyingine iendayo Malaba. Tulivuka Bonde la Ufa gizani, tukapita Nakuru watu wamelala, na kulipopambazuka tulikuwa tunateremka kati ya misitu ya misonobari iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka kama mistari ya daftari. Sikujua kuwa ninaitazama malighafi yangu. Misitu ile ya upande wa Turbo ilipandwa makusudi ili ije kuliwa na kiwanda.

Stesheni ya Webuye alinipokea mzee aliyetumwa na ofisi. Nikamwamkia kwa adabu ya kwetu: "Shikamoo." Alitazama huku na huku kana kwamba nimemsalimu mtu aliye nyuma yake, kisha akacheka na kunipa mkono. "Mulembe, mayi." Mulembe ni amani, na ndiyo salamu ya Wabukusu. Lakini mayi ni mama, nami sikuwa na mtoto wala mchumba. Nilidhani ananizeesha. Ilinichukua wiki moja kuelewa kwamba huko hata binti mdogo huitwa mama, kwa heshima na kwa mapenzi.

Kabla ya kuitwa Webuye, ramani za wakoloni ziliuita mji huu Broderick Falls, kwa sababu ya maporomoko ya mto Nzoia ambayo wenyeji huyaita Nabuyole. Ukitaka kujua kwa nini kiwanda cha karatasi kilijengwa hapa na si Mombasa kwenye bandari, tazama vitu vitatu: maji ya Nzoia, reli ya kwenda Uganda, na miti ya nyanda za juu. Kampuni ya Pan African Paper Mills, ambayo kila mtu aliiita Panpaper, iliundwa mwaka 1969. Serikali ya Kenya iliweka fedha, Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Benki ya Dunia likaweka, na Wahindi wa kundi la Birla wakaleta ujuzi. Karatasi ilianza kutoka mwaka 1974. Nilipofika mimi, mashine zilikuwa zimenguruma miaka kumi na moja, na watoto waliozaliwa mjini walikuwa hawajui usiku usio na mngurumo.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa fundi wa mashine ya karatasi ili anizungushe. Jina lake lilijulikana na karani wa mishahara peke yake. Wengine wote tulimwita Fundi. Alikuwapo tangu roli ya kwanza. Alikuwa mrefu, mpole, na alisema kwa sauti ya juu hata nje ya lango, kama wanavyosema watu walioshinda miaka kando ya mitambo.

Tulianzia uwanja wa magogo. Kulikuwa na msonobari na mkaratusi, imepangwa vilima vilima. Nikamwambia kwetu watoto huchanganya mkaratusi na karatasi. "Hawakosei," alisema. "Wewe ngoja." Msonobari una nyuzi ndefu, kiasi cha milimita tatu, ndizo zinazoipa karatasi nguvu ya mfuko wa saruji. Nyuzi za mkaratusi ni fupi, karibu milimita moja, nazo huifanya karatasi iwe laini na ipokee wino vizuri. Mpishi mzuri wa karatasi huchanganya hizo mbili kulingana na anachotaka.

Na lilikuwa jiko kweli. Magogo yalimenywa magome, yakakatwakatwa vipande vidogo ambavyo sote tuliviita chipsi, vikapandishwa kwa mkanda hadi kwenye tangi refu kama jengo la ghorofa. Mtambo huo tuliuita chungu. Humo chipsi zilipikwa kwa magadi makali na dawa ya salfa, kwa joto la nyuzi 170 hivi, chini ya mgandamizo, mpaka ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti ikayeyuka. Kilichobaki ni uji wa rangi ya kahawia. Maji meusi yaliyotoka humo hayakumwagwa: yalichemshwa yakawa mazito kama asali, kisha yakachomwa ndani ya boila. Gundi ya mti ikawa kuni za kuzalisha mvuke, na magadi yakakusanywa chini kupika chungu kingine. Nilipoelewa hilo nilisimama. Mti ulikuwa unajipika kwa moto wake wenyewe.

Harufu nayo ilitoka hapo. Salfa ikikutana na mti ndani ya chungu huzaa gesi ambazo pua ya binadamu huzitambua hata zikiwa chembe tu hewani. Popote duniani wanapopika karatasi kwa njia hiyo, wenyeji wa mji wanaijua harufu hiyo. Ajabu yake ni kwamba huizoei kidogo kidogo. Unaamka asubuhi moja, haipo, na unadhani mitambo imezimwa. Ilinitokea wiki ya tatu. Nilipokwenda Voi likizo ya kwanza, mama yangu alianika nguo zangu zote uani, kisha akanishika begani na kunusa nywele. "Mwanangu," alisema, "huko wanawafundisha kazi au wanawazika?"

Tulipofika kwenye mashine yenyewe Fundi aliacha kueleza. Akanisimamisha mwanzoni kabisa, mahali uji unapomwagwa juu ya waya. Waya ni chujio pana lisilo na mwisho, linalozunguka mbio. Uji unapoingia ni maji karibu matupu. Katika lita 100, lita 99 ni maji. Unamwagika mweupe, unatetemeka, na ndani ya hatua chache unauona ukipoteza mng'ao. Hapo maji yameshuka na karatasi imezaliwa, ingawa bado ni chepechepe kama ngozi ya maziwa. Inapita kwenye roli za kukamua, inapanda na kushuka kwenye silinda za chuma zilizojaa mvuke, na mwisho wa banda inajikunja yenyewe kwenye roli kubwa, ikiwa kavu na yenye joto la mkate.

"Umeona vijiti vikibebwa na mto?" Fundi alinipigia kelele sikioni. "Vinalalaje?"

"Vinafuata maji."

"Basi na nyuzi ni hivyo. Zinalala zikifuata mwendo wa waya. Huo ndio mkondo." Akachana kipande kutoka kwenye mabaki, akakivuta kwa urefu: kikachanika kimenyooka kama kwa rula. Akakigeuza, akakivuta kwa upana: kikaenda mshazari, kwa mkato mbovu. "Karatasi yoyote duniani, ukiichana itakuambia mashine ilikuwa inaelekea wapi."

Tangu siku hiyo sijawahi kushika karatasi nikaiacha salama.

Maabara ilikuwa chumba kidogo kando ya banda, na madirisha yake yalitetemeka mchana na usiku. Kila roli ilipotolewa, kijana alituletea ukanda uliokatwa kwa upana wote wa mashine. Tulikata duara za ukubwa mmoja, tukazipima uzito. Tulibana karatasi kwenye kipimo cha kupasua, tukaongeza shinikizo mpaka ipasuke na kusoma namba. Tuliikausha kwenye oveni ya nyuzi 105 ili kujua ilikuwa na unyevu kiasi gani. Tulimwaga maji juu yake kwa sekunde 60, tukayafuta, tukapima imekunywa kiasi gani, kwa sababu karatasi ya kuandikia inayokunywa kupita kiasi humtia mwanafunzi aibu: wino husambaa na herufi zikawa buibui. Yote yaliandikwa kwenye kitabu kikubwa: saa, roli, uzito, unyevu, jina la zamu.

Fundi hakuamini oveni. Alipita kwenye roli, akaipiga kwa kiganja, akasikiliza, akatamka kiwango cha unyevu. Sisi tulikuwa tunangoja sampuli ikauke na kupoa, naye ameshaondoka. Mara nyingi alikosea kwa nusu ya asilimia tu. Nilimwambia ni bahati. Aliniwekea karatasi mbili kwenye viganja, akaniamuru nifumbe macho.

"Usizifikirie. Zikung'ute. Iliyo kavu inalia. Yenye maji inanong'ona."

Nilizikung'uta. Sikusikia tofauti yoyote, na nilikasirika.

Nilijifunza kumheshimu kwa kosa langu mwenyewe. Mizani yetu ilikuwa ya kutundikia: unatundika duara la karatasi, mshale unapanda na kukuonyesha moja kwa moja mita moja ya mraba ina gramu ngapi. Kipimo cha aina hiyo lazima kisimame sawasawa. Kina skrubu miguuni na povu la kulinganishia. Zamu moja ya usiku niliisogeza mizani nifute meza, nikairudisha bila kulitazama povu. Roli iliyofuata ilitakiwa iwe ya gramu 60, karatasi ya madaftari. Mshale ukaniambia 54. Nikapeleka habari: nyepesi. Wakaongeza uji. Roli ya pili nikasoma 60 nikaridhika, nikanywa chai.

Fundi alikuja akiwa na kipande kati ya kidole gumba na cha shahada. "Mayi, hii si ya daftari. Hii utachapishia kadi za harusi." Nilimwonyesha kitabu. Hakukibishia. Aliinama, akatazama miguu ya mizani, akazungusha skrubu taratibu mpaka povu likarudi katikati. Kisha akatundika duara lile lile: 66. Roli yote ilirudishwa kusagwa upya. Kiwandani hakuna karatasi inayotupwa, mbovu hurudi kuwa uji, lakini mvuke na usingizi wa watu havirudi. Fundi aliondoka bila kusema zaidi. Zamu iliyofuata nilimfuata nikiwa na karatasi mbili na macho nimefumba.

Ilinichukua karibu mwaka. Siku moja nilizikung'uta nikasikia: moja ililia, moja ikanong'ona.

Miaka ile nchi ilikuwa na njaa ya karatasi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza mwaka huo huo wa 1985 niliofika, na mfumo mpya ni vitabu vipya. Tulitoa karatasi za kuandikia, za magazeti, na zile nzito za kahawia tuziitazo khaki, za mifuko na bahasha. Mji nao ulitembea kwa zamu. King'ora kilipolia, mama wa sokoni walijua waanze kukaanga samaki. Walimu walijua mtoto gani atasinzia, kwa kuwa baba yake ametoka usiku. Nyumba nyingi za Webuye zilikuwa na khaki ukutani kuzuia upepo, na watoto walifanya hesabu juu ya kuta kabla ya kuzinakili kwenye daftari.

Kelele pekee iliyotutisha ilikuwa kimya. Karatasi inapokatika ndani ya mashine mlio hubadilika, na kabla kengele haijapigwa watu wote wameinua vichwa. Karatasi hujaa chini kama povu la nguo, vijana wanaizoa kwa mikono na kuitumbukiza shimoni, na fundi anakata mkia mwembamba pembeni na kuupitisha tena, silinda baada ya silinda, kama anayetia uzi kwenye sindano inayokimbia. Mkia ukishafika mwisho, unapanuliwa polepole hadi karatasi yote imerudi. Hapo ndipo tulipumua.

Niliondoka mwaka 1998. Mume wangu alikuwa wa pwani, watoto walihitaji nyanya zao, nami nilikuwa nimetosheka na zamu za usiku. Kwa hiyo sikuwapo Januari 2009, mitambo ilipozimwa kwa uzito wa madeni. Niliisikia redioni nikikuna nazi. Baadaye Serikali ilijaribu kuiwasha, ikasimama tena, na mwaka 2016 ikauzwa kwa wawekezaji wa kundi la Rai. Habari zote hizo zilinifikia Voi kama habari za ndugu aliye mbali: unazisikia, unatikisa kichwa, unaendelea na lako.

Shuleni tulimaliza haraka kuliko nilivyotaka. Mwalimu wa zamu alikagua sanduku, akahesabu madaftari kumi, akanirudishia mawili. "Yasije yakaibwa, Mama." Mjukuu wangu alisimama na wenzake, wote katika sketi zilizoshonwa kubwa ili wazikulie. Alinikumbatia kidogo tu, kwa kuwa wenzake walikuwa wanatazama. Nikapanda bodaboda hadi mjini.

Dohani bado zimesimama. Nilizitazama kutoka kituo cha matatu nikitafuta moshi, kisha nikagundua kwamba watu wanapita bila kuzitazama, kama wanavyopita kando ya mlima. Mji wenyewe umechangamka zaidi ya nilivyouacha. Barabara kuu imeuletea malori ya Malaba, maduka ya simu, benki, hoteli za nyama choma. Nilikuwa nimejitayarisha kuuonea huruma, wala haukuniomba. Katika kibanda cha chai, msichana aliyenihudumia hakuwa amezaliwa nilipoondoka. Nilimuuliza kama anaikumbuka harufu. "Harufu gani, Mama?" alisema, akanusa sufuria ya maziwa.

Nilimpata Fundi kwa kuuliza tu. Mji umekua, lakini ukisema "yule mzee anayepiga kelele akiongea," kila mtu ananyoosha mkono. Nyumba yake iko upande unaoelekea vilima vya Chetambe, mahali ambapo Wabukusu walijihami dhidi ya jeshi la Waingereza mwaka 1895. Alikuwa ameketi kivulini, amepungua mwili, mikono ni ile ile. Nilimwamkia shikamoo makusudi. Alikaa kimya kidogo, kisha uso wote ukafunguka.

"Mayi wa maabara! Umesawazisha mizani?"

Tulicheka mpaka mke wake akatoka kuona kuna nini. Tukaletewa chai, na tukaanza kuhesabu watu: yupi yuko wapi, yupi ametangulia. Wapo waliokwenda viwanda vya sukari, waliofungua maduka, waliorudi shambani. Yeye alikaa hadi siku mitambo ilipozimwa mwaka 2009. Nilimuuliza siku hiyo ilikuwaje. Alifikiri.

"Usiku ule sikulala," alisema. "Kimya. Mwili ulikuwa unangoja kengele. Nilikuwa nainuka kitandani nione ni wapi imekatika."

Nikatoa daftari moja kati ya yale mawili, nikampa bila neno. Hakulifungua kama msomaji. Alishika jani moja la katikati, akalisugua pande zote mbili, akalikung'uta. Upande mmoja huwa na kikwaruzo chembamba, alama ya waya. Hata karatasi iliyokaushwa na kulainishwa haiufichi kwa mtu aliyeuzoea. Kisha akachana kona.

"Gramu hamsini na kitu. Nyuzi fupi. Imekauka kupita kiasi." Akanirudishia. "Si yetu."

"Najua. Niliishika dukani Voi."

"Mbona basi umeniletea?"

Sikuwa na jibu zuri. Nadhani nilitaka tu kumwona akifanya vile.

Mjukuu wake, mvulana wa darasa la nne, alirudi kutoka shule, akatusalimu akiinamisha kichwa, na macho yake yakatua kwenye daftari. La kwake lilikuwa limejaa hadi kwenye jalada. Nilimkabidhi yote mawili. Alifurahi, kisha akakumbuka jambo, uso ukanywea: mwalimu hapokei daftari lisilofunikwa.

Fundi aliinuka kwa kushikilia ukuta. Akaingia ndani, nikasikia kiti kikiburutwa, na aliporudi alikuwa na roli fupi ya khaki, nene kama mkono, imefungwa kwa mpira. Vumbi lilikuwa limeifanya nje kuwa ya kijivu. Alipoikunjua, ndani ilikuwa na rangi ya asali kama siku ilipotoka kwenye mashine. Sikuhitaji kuuliza. Niliishika pembeni, nikaikung'uta. Ililia.

"Ya mwisho?" niliuliza.

"Nilikuwa nayo zaidi. Kuta zimekula, vitabu vimekula."

Nusura nimwombe kipande. Ningekiweka sandukuni Voi, pamoja na barua ya ajira iliyochanika mikunjo. Lakini alikuwa ameshaitandaza mezani na kulaza daftari juu yake, na mvulana ameshaleta mkasi. Kabla ya kukata, Fundi alisita. Akachana kidole kimoja cha ukingo, akatazama, akaizungusha karatasi robo mzunguko.

"Tazama," alimwambia mtoto. "Mgongo wa kitabu ulale na mkondo. Ukiukunja dhidi yake utapasuka kabla muhula haujaisha."

Mvulana alitazama kwa adabu ya mtoto anayengoja babu amalize. Wakakunja pamoja, mikono minne, mbele, nyuma, pembe. La pili likafuata. Pembe ziliposhikana, mvulana aliandika jina lake juu ya khaki kwa kalamu ya bluu, taratibu, na wino haukusambaa hata kidogo.

Kilichobaki mezani kilikuwa ukanda mmoja usiotosha kitu. Mke wa Fundi aliuokota alipopita, akausokota, akaenda kuuwashia jiko, kwa sababu chai ilikuwa imepoa na mgeni haondoki na chai baridi.